Mtoto Aliyefunikwa kwa Kapu

Picha ilipoletwa karakana, Fundi alikuwa amesimama dirishani anamalizia kipande cha mkate. Hakuwahi kula karibu na meza ya kazi, kwani mikono yenye mafuta na picha za kale haviivi chungu kimoja. Vibarua wawili waliiegemeza ukutani, wakamwomba atie sahihi, kisha wakaondoka wakiendelea na ubishi wao wa mpira. Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, yenye jua la kawaida.

Kazi yake ilikuwa kutibu picha zilizozeeka: kutoa vumbi, kuondoa vanishi iliyogeuka njano, kuziba nyufa. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa katika chumba kimoja nyuma ya jumba la makumbusho, na mikono yake ilikuwa mitulivu kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa anaweza kumnyoa nzi ndevu. Watu wote walimwita Fundi. Hata baba yake, siku akiwa na furaha, alimwita hivyo.

Picha hii haikuhitaji kutambulishwa. Ilikuwa kwenye kalenda, kwenye vikombe, kwenye makopo ya biskuti. Iliitwa Wana wa Furaha. Ilichorwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini nyuma, ikionyesha watoto wanne wa mitaani, miguu peku, nguo matambara, wamekaa chini ya ukuta wa mji mkubwa wanakula tikiti na kucheka. Kulia kwao lilikuwepo kapu kubwa la matunda. Wageni walipenda kusimama mbele yake na kuambiana, "Waone, hawana kitu, lakini furaha wanayo."

Fundi hakuipenda, na alikuwa na sababu. Alikuwa amesoma barua za zamani zilizohifadhiwa pamoja na picha. Mchoraji alikuwa akiwaokota watoto sokoni na kuwaleta chumbani kwake. Aliwapa vipande vya tikiti, akawaamuru wavishike mdomoni bila kuuma mpaka jua litoke dirishani. Siku moja mmoja wao alifika akiwa ameogeshwa na mwanamke fulani aliyemhurumia. Mchoraji akamtuma mtumishi ampake majivu upya, maana mtoto safi alikuwa hafai kitu. Kisha watu wa mji wakamsifu kwa moyo wake wa huruma.

Nje ya jumba, kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, mlinzi alichukua mpira wa maji na kuwaamsha watoto waliolala kwenye ngazi za mbele. Kwa miaka mingi Fundi aliwapita pale akiwatazama nyuso mmoja mmoja. Siku hizi alipita ameinamisha kichwa. Yule aliyekuwa akimtafuta, kama angekuwa hai, angekuwa mtu mzima mwenye mvi.

Kazi ilianza vizuri. Wiki ya kwanza alisafisha anga na ukuta. Ya pili, watoto wanne. Ya tatu alifika kwenye kapu, na hapo pamba yake ikatoka na rangi. Rangi ya kapu ilikuwa laini, haikushikamana na ile ya chini. Iliongezwa baadaye. Aliposogeza taa na kukuza kwa lenzi, kwenye mwanya mdogo chini ya zabibu, aliona kiwiko cha mtoto.

Akarudi kwenye barua. Jibu lilikuwepo, mstari mmoja tu, na yeye mwenyewe alikuwa ameupita mara nyingi bila kuutia maanani. Mnunuzi wa kwanza, mke wa mfanyabiashara, aliikataa picha kwa sababu mtoto wa tano "anatazama vibaya". Mchoraji akamfunika kwa kapu. Picha ikanunuliwa siku ileile.

Mkurugenzi wa jumba alipoambiwa alisugua viganja. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo la heshima na maneno mengi.

"Mtoe, Fundi. Mtoe taratibu. Magazeti yatatuzungumzia mwaka mzima."

Akaanza kumtoa. Ilikuwa kazi ya ukucha kwa ukucha: pamba iliyosokotwa, tone la dawa, nafasi isiyozidi kucha ya kidole gumba, futa, ngoja, rudia. Kikatoka kiwiko. Kikatoka kigasha. Siku ya nne, juu kidogo ya kifundo cha mkono, likatoka kovu.

Lilikuwa jekundu la kahawia, lenye pembe tatu. Ncha yake ilikuwa kali.

Fundi aliweka pamba chini. Alitoka nje, akasimama uani karibu na mapipa ya taka, akahesabu pumzi zake.

Yapasa kusema hapa jambo ambalo hadi siku hiyo yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na nyumba yao ya zamani ilinuka mvuke na vitambaa. Fundi akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, baba alishona suti ya bwana harusi, akaitundika, akatoka kununua vifungo. Msichana akataka kumshangaza baba yake. Akachukua pasi ya mkaa, akailaza kwenye koti, akageuka kidogo tu kuangalia dirishani. Alipogeuka tena, moshi ulikuwa umeshapanda. Mgongoni mwa koti palikuwa na tundu lenye umbo la pasi.

Baba aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani?"

Msichana aliinua kidole tu. Akamwonyesha mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa na miaka tisa. Walimwita Kindi kwa sababu hakuna ukuta uliomshinda kupanda. Alisema, "Si mimi." Akaulizwa tena, akasema, "Si mimi." Baba aliishika ile pasi, bado ya moto, akamgusisha ncha yake mkononi. Kidogo tu, alidai baadaye. Ili akumbuke. Kisha akamtoa nje na kumwambia maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia: "Usikanyage hapa mpaka uwe na ukweli mdomoni."

Kindi alionekana sokoni kama wiki tatu, akiwa na watoto wengine wanaolala chini ya meza za wauza samaki. Baada ya hapo hakuonekana. Baba alikataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Mama alitii, akazeeka haraka, akafa. Fundi akabaki na baba, akawa mtoto mwema, akawa ndiye anayesifiwa na majirani kila mtu akizungumzia wanawe waliopotoka. Miaka thelathini na minne ilipita hivyo.

Watoto wengi huungua, alijiambia pale penye mapipa. Hata wa zamani waliungua. Pasi hazikuanza jana.

Akarudi ndani, akasafisha mpaka kwenye kifundo cha mkono, akafunga kazi. Kesho yake asubuhi alikuta vidole vitano vimetoka.

Hakuvitoa yeye. Aliangalia kopo la takataka. Pamba zilikuwa zilezile za jana, zimekauka. Chupa ya dawa ilikuwa imefungwa na ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye mkoba wake. Vidole vile vilikuwa safi kuliko kazi yake yeye. Kucha zilikuwa na uchafu chini yake, na chini ya kucha ya kidole cha shahada palikuwa na chembe za rangi ya zabibu.

Kama mtu aliyekuwa akikwangua kutoka upande wa pili.

Siku hiyo hakufanya kazi. Aliifunika picha kwa shuka, akamwambia Mkurugenzi kwamba anaumwa kichwa, akakaa nyumbani siku tatu akimlisha baba yake uji na kumgeuza ubavu. Mzee alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mchana wote alikaa kwenye kiti chake sebuleni kutazama mlango, na kichwa chake kilikuwa kizima kuliko cha vijana wengi.

"Unanitazama sana wewe," alimwambia siku ya tatu. "Nimekuwa picha?"

Alicheka. Fundi naye akajaribu kucheka.

Alijikaza kisabuni, akarudi kazini. Alipovuta shuka, mtoto alikuwa ametoka mpaka puani. Bega lilikuwepo, shingo nyembamba ilikuwepo, midomo iliyopasuka ilikuwepo. Chumba kilinuka kitambaa kilichoungua. Macho tu ndiyo yaliyosalia chini ya majani ya zabibu.

Angeweza kuacha. Angeweza kuita mwenzake, au kumwita mlinzi asimame naye. Hakufanya hivyo. Alisokota pamba mpya na kuyatoa macho yale kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu alitaka kujua, na kwa sababu alikuwa anajua tayari.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa limejaa dirishani.

Lilikuwa jicho la kushoto lenye kope fupi, na la kulia lenye alama ndogo ya tetekuwanga pembeni. Watoto wale wanne walitazama tikiti lao. Huyu wa tano hakutazama tikiti. Alimtazama mtu aliyesimama mbele ya picha. Hakuwa na hasira wala machozi. Alikuwa na sura ya mtoto aliyeulizwa swali akajibu, na sasa anangoja mwingine naye ajibu.

"Kindi," Fundi alinong'ona.

Hakuna kilichotokea. Alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mtoto alikuwa anangoja tu.

Mkurugenzi alishuka alasiri akiwa na mgeni kutoka kiwanda cha biskuti, ambacho ndicho kilichogharamia matibabu ya picha. Walisimama mbele yake kwa muda. Mgeni alikohoa. Akasema amekumbuka simu fulani, akatoka.

Mkurugenzi alibaki akijifuta shingo.

"Huyu ana macho ya kumshtaki mtu," alisema. "Mimi sina kesi na mtu, Fundi, lakini nimejisikia kama niko mahakamani."

"Ndivyo alivyochorwa."

"Kopo la biskuti lina watoto wanne. Watu wanawapenda hao wanne, wanawajua tangu utotoni. Ukiwaletea wa tano mwenye macho haya, hawatamnunulia mtoto wao biskuti, watakwenda kanisani au msikitini kutubu." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Mrudishe alikotoka. Piga picha za kumbukumbu, halafu rudisha kapu."

Hapo ndipo Fundi angeweza kusema. Angeweza kusema hapana, kwamba kazi yake ni kutibu, si kuzika. Alikuwa na jina kubwa katika fani yake, wangemsikiliza. Alimtazama Mkurugenzi, akamtazama mtoto. Akaitikia kwa kichwa.

Kulirudisha kapu kulichukua siku mbili. Siku ya kwanza alifunika mkono, kovu na bega. Rangi ilikubali vizuri. Siku ya pili alifunika shingo na midomo. Saa tisa alasiri yalibaki macho. Akachovya brashi. Akachora jani juu ya jicho la kulia. Akachora jani juu ya la kushoto. Akarudi nyuma hatua moja kuangalia.

Rangi mbichi ilikuwa inaingia na kutoka.

Ilitembea kidogo sana, pale ulipokuwa mdomo. Ndani. Nje. Kama shuka iliyofunikwa usoni mwa mtu aliye hai.

Fundi hakukimbia. Alisogea akaongeza rangi. Akaongeza zabibu nyingine. Akaongeza tena, nzito, kwa kisu cha kupakia rangi, mpaka mkono ukamuuma. Machozi yalimtoka bila sauti. Alikuwa anarudia neno moja, nalo lilikuwa "Samehe", lakini mkono haukusimama.

Mwishowe rangi ikatulia.

Akaosha brashi. Akavua koti la kazi. Akafunga mlango mara mbili.

Mlangoni mlinzi alikuwa anasoma gazeti. Aliinua macho, akatabasamu, akamtazama Fundi usoni na kisha akatazama chini, karibu na kiuno chake.

"Leo sikumfukuza, mama, kwa kuwa nimeona ametoka na wewe," alisema. "Ila mshike mkono. Barabara ina magari."

Fundi hakutazama chini. Alishuka ngazi. Alitembea mpaka nyumbani, dakika arobaini, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Penye kivuko cha barabara dereva mmoja alisimama ghafla na kungoja muda mrefu kuliko aliohitaji mtu mmoja kuvuka.

Alipofika, mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, ameshika mkongojo kwa mkono wake mzima. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Funga mlango," alisema. "Kuna baridi, na hana viatu."

"Nani, baba?"

"Hajakua. Hata kidogo hajakua." Mzee alizungumza polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Amekutangulia kidogo tu. Nilimwambia asikanyage hapa mpaka awe na ukweli mdomoni. Sasa amekanyaga. Maana yake anao."

Fundi aliuegemea mlango.

"Nimemuuliza, ukweli gani?" baba akaendelea. "Anasema nikuulize wewe."

Sebule ilikuwa ileile: saa ya ukutani, meza yenye kitambaa cha plastiki, chupa za dawa. Jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Hakuna mtu mwingine aliyeonekana. Lakini zulia dogo lililokuwa miguuni mwa mzee lilikuwa limebonyea sehemu mbili, nyayo mbili ndogo, na nyuzi zake zilikuwa zinaendelea kulala, kama zinavyolala chini ya uzito.

"Suti ile ya bwana harusi," baba alisema. "Nani aliiunguza?"

Miaka thelathini na minne alikuwa akijiandaa kwa swali hilo. Usiku alikuwa akijibu peke yake, mara elfu, na majibu yalikuwa mazuri, yenye unyenyekevu. Sasa alimwona baba yake, mzee aliyebaki na kitu kimoja cha kujivunia duniani, naye ndiye kitu hicho. Alifikiri juu ya uji wa kila asubuhi. Alifikiri juu ya majirani. Alifikiri kwamba mzee hana siku nyingi, na kwamba ukweli huu ungemfanya afe akiwa amemchoma mwanawe bure.

Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye. Lakini mkono ulinyanyuka kabla hajafikiri lolote kati ya hayo. Kidole kilinyooka. Kilielekea kwenye zulia.

"Ni yeye," alisema.

Zile nyuzi za zulia zilinyanyuka. Moja moja.

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza shingo, akasema na mtu aliye kando yake, kwa sauti ya chini aliyoitumia zamani kuwabembeleza wakiwa wadogo:

"Umesikia mwenyewe, mwanangu. Njoo ulale."

Hakumsemesha Fundi tena. Si siku hiyo, si kesho yake. Alikubali kugeuzwa, alikubali kufutwa, lakini uji ulirudi ulivyo. Alilala ameelekea ukutani, mkono mzima ameuzungusha juu ya kitu, kwa namna mtu mzima anavyomkumbatia mtoto mwenye homa. Daktari alikuja akasema ni uzee. Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, mzee alikata roho. Waliomwosha walisema alikuwa mwepesi sana, na wakauliza kwa upole kama kulikuwa na mjukuu aliyekuwa akilala naye. Fundi alisema hapana. Wakatazamana, wakaacha.

Picha ilirudishwa ukumbini kwa sherehe. Mkurugenzi alitoa hotuba nzuri kuhusu utoto na matumaini. Wageni walikunywa juisi mbele ya wale wanne na kusema kwamba hawana kitu, lakini furaha wanayo. Nje, mlinzi alikuwa ameshamwaga maji kwenye ngazi mapema kuliko siku zote ili zikauke. Fundi alipongezwa na watu wengi. Alipolitazama kapu, lilikuwa kapu. Rangi imekauka, hakuna aliyepumua humo ndani, na yeye alijua kwa nini. Mwezi uliofuata aliandika barua ya kuacha kazi.

Kitanda cha baba alikitoa nje baada ya arobaini. Godoro lilikuwa na mabonyeo mawili: moja la mzee, na jingine upande wa ukuta, fupi, la mtu aliyejikunja magoti mpaka kidevuni. Alilichana godoro lile, akaichoma pamba yote, akadhani yamekwisha.

Juma lililofuata, alipoamka chumbani kwake na kutandika, alilikuta bonyeo lile kwenye godoro lake mwenyewe. Upande wa ukuta. Fupi, limejikunja. Alilipiga kwa kiganja likajaa, na kesho yake likawepo tena. Akanunua godoro jipya, gumu, la mtu mwenye mgongo mbovu. Baada ya siku tatu tu bonyeo likarudi.

Binamu yake aliyewahi kumtembelea asubuhi anasema alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, mkono umelala kwenye shimo lile, anasema kwa sauti ndogo, tena na tena, "Ni mimi. Ni mimi niliyeiunguza." Alikuwa akisema hivyo kila siku, alikiri, tangu baba azikwe. Binamu akaweka mkono wake pia, kwa udadisi. Kitambaa kilikuwa na joto. Upande mwingine wote wa kitanda, alikolala Fundi mwenyewe, ulikuwa baridi kama sakafu.